Jumamosi Bi Hana Alipoendesha Gari

Mambrui,
2 Septemba 1984

Ndugu yangu Msellem,

Salamu zangu zikukute huko Matrah ukiwa mzima wa mwili, na tanuri lako la mikate likiwa moto. Sisi huku twamshukuru Mola. Tumepungua unene kidogo, na kwa wengine wetu hilo si hasara. Mwanangu Mastura akuamkia, shikamoo nyingi. Amepata kazi ya kufundisha watoto wadogo katika ile shule ya mwinukoni Sabaki, na tangu aitwe mwalimu hataki tena kutumwa dukani.

Habari kubwa ni ukame. Mvua ya mwaka imetupita kama mgeni asiyetujua. Visima vya mjini vimeingia chumvi, na shamba la marehemu baba halikutoa hata kiganja cha mahindi. Mwezi uliopita mji mzima ulitoka uwanjani tukasali sala ya kuomba mvua, wanaume wakageuza vishali vyao ndani nje kama ilivyo ada. Mawingu yalikuja yakatutazama, yakaenda zake.

Shamba lilipokufa nilitafuta kazi, nami tangu mwezi wa tano napika kwa Bi Hana, yule mkunga mstaafu mwenye nyumba ya bati jekundu huko huko mwinukoni, juu ya mto. Bila shaka wamkumbuka. Alikuwa hospitali ya Kilifi miaka mingi, na nusu ya watu wa pwani hii walipotoka matumboni mwa mama zao waliangukia mikononi mwake, Mastura akiwa mmoja wao. Ni Myahudi. Alikuja nchi hii akiwa msichana, na jamaa zake waliobaki Ulaya hakusalia mtu. Hilo halizungumzi, nami siulizi.

Hali nguruwe, wala hachanganyi nyama na maziwa. Nina sufuria mafungu mawili, na ole wangu nikikosea. Ijumaa kabla jua kuchwa huwasha mishumaa miwili, na tangu hapo hadi jua la Jumamosi lizame hagusi moto, haandiki, hapandi gari. Chakula cha siku hiyo nakiteleka Ijumaa juu ya makaa, maharagwe na nyama na viazi, kitokote polepole hadi kesho yake mchana. Mara ya kwanza nilidhani nimekiunguza. Sasa nakipenda kuliko pilau, usimwambie mtu.

Kisima chake kina maji matamu. Kiangazi kilipozidi alifunga saumu, Jumatatu na Alhamisi. Nikamwambia hizo hata kwetu ni siku za suna, akacheka. Alhamisi ya kwanza alimwita Randu, dereva wake, akamwambia ang'oe lango la ua. Randu akadhani amesikia vibaya, akalifungua. Bi Hana akamwambia si kulifungua, kuling'oa. Nilimuuliza sababu. Akanieleza kwamba kwao, wakati wa ukame, mzee mkubwa husimama mbele ya watu waliofunga akawakumbusha watu wa Nabii Yunus: Mungu hakutazama magunia waliyoyavaa wala njaa yao, alitazama matendo yao.

"Saumu bila kisima," aliniambia, "ni njaa tu."

Basi tangu siku hiyo watu wateka maji kwake kutwa kucha, na mbuzi wao wanywa mumo humo. Maua yake yamekufa yote. Hajali.

Nina swali langu lile lile. Miaka tisa sasa. Hata mama alipofariki hukuja, nami sikukulaumu, wala leo silaumu. Nauliza tu: utakuja lini?

Dadako akupendaye,
Kaltuma


Matrah,
9 Oktoba 1984

Dada Kaltuma,

Shikamoo, tena shikamoo. Barua yako ilitembea wiki tano. Naona ilikuja kwa miguu. Mimi ni mzima. Tajiri wangu wa hapa ni Mbaluchi, asema mikate yangu ni mizuri lakini mimi ni mnyamavu mno, na kwamba mkate hutaka mwokaji anayeimba ndipo uumuke. Nimemwambia aimbe yeye. Mwambie Mastura mwalimu kwamba mjomba wake amefurahi. Nimempa mtu mmoja wa Lamu akuletee shela mbili na udi kidogo.

Habari ya Bi Hana. Nilipolisoma neno Myahudi niliiweka barua chini nikaenda kukanda unga. Huku redio husema mambo mengi. Kisha nikarudi, nikasoma habari ya lango. Mtu aliyeng'oa lango lake watu wakiwa na kiu, mimi sina la kumtakia ila heri. Mpe salamu zangu.

Lakini usidanganyike, dada. Mvua haizuiliki bure, wala mto haufuriki bure. Kuna mja hutenda jambo, kisha maji huja kumuuliza. Mimi nalijua hilo kuliko wewe. Mvua ikinyesha, usishuke mtoni. Mastura asishuke. Niapie.

Kuja, nitakuja Mungu akipenda. Lini, usiniulize tena.

Mdogo wako,
Msellem


Mambrui,
28 Novemba 1984

Ndugu yangu Msellem,

Nakusalimu kwa mikono iliyochubuka na moyo mweupe. Sote tu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua redio zitakuwa zimekutia hofu: mto umefurika, na hakupotea mtu hata mmoja. Shela zimefika. Moja nilikuwa nayo siku yenyewe, nayo sasa ni nepi. Nitakueleza.

Mvua ilianza mapema mwezi huu. Watoto walicheza uchi barabarani, na watu wazima tuliona haya tu, tungecheza nao. Bi Hana, kila radi ilipopiga, alisimama, hata kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, akasema maneno mafupi ya kumhimidi Mungu ambaye nguvu zake zimeujaza ulimwengu. Nami nasema yangu. Randu ni Mkristo, naye akasema yake. Jikoni mle radi moja ilipata dua tatu.

Sasa Jumamosi iliyopita. Huku kwetu jua lilikuwa likiwaka. Maji yalitoka bara. Saa tatu asubuhi Randu alikuja mbio akisema mto umekwisha kupanda kingo, mashamba ya chini yamezama, na watu wapata sitini wamekwama kwenye vichuguu na juu ya mapaa. Bi Hana alikuwa barazani na kitabu chake cha sala. Nikaona nimsaidie. Nikamwambia akae na Sabato yake kwa amani. Randu ataendesha gari, mimi nitawasha moto, sisi si Mayahudi, kwetu si haramu.

Alivua miwani akanitazama kama niliyemtukana.

"La," alisema. "Kuokoa nafsi kunaiondoa Sabato. Na kwetu kazi hiyo hasukumiwi mtu mwingine. Mkubwa ndiye hutangulia, ili aliye nyuma yake asisite."

Akachukua funguo. Msellem, mama yule ana miaka sabini na mbili na macho yake ni ya kubahatisha. Alitoka na Landrova yake si pale lilipokuwa lango, pana nafasi ya malori mawili, bali kwenye ua wa mikwaju, akaupasua akapita. Randu alikuwa kando yake ameshika mlango kwa mikono miwili na midomo yamcheza. Jefwa mvuvi na wenzake wakawatoa watu shambani kwa mitumbwi, na gari likawapokea ukingoni mwa maji kuwapandisha shuleni kwa Mastura. Safari tano alikwenda yeye. Ya sita Randu alimwomba funguo kwa heshima zote, akisema kwamba sasa hata wadogo wameelewa.

Kile chungu cha maharagwe ya Sabato ndicho kilicholisha watoto wa kwanza. Kilipokwisha, nilimwona Bi Hana amechutama uani mwa shule anawasha kiberiti, Jumamosi, mchana kweupe. Alikuwa akiimba wimbo kwa sauti ya chini, wa kwao, wa furaha.

Katika waliookolewa alikuwamo Kahonzi, mkewe Katana wa kiwanda cha chumvi Gongoni. Nyumba yake imekwenda na maji yote, na mimba yake ilikuwa imetimia. Uchungu ukamshika darasani. Bi Hana akanawa mikono hadi viwikoni, akawatoa wanaume, akasema kwa sauti ya zamani ile ya hospitali kwamba anataka maji moto na kitambaa safi. Kitambaa safi kilikuwa shela yako. Saa tisa alasiri akazaliwa msichana. Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani mto wenyewe ulisikia.

Hapo akaja mzee mmoja wa mjini, jina lake nalihifadhi, amebeba gunia la unga begani. Amefanya wema, sikatai. Lakini alisimama mlangoni, akamwangalia Kahonzi, akatuambia sote kwamba maji haya hayakuja bure. Kahonzi alimwacha mume wa kwanza akaenda kwa Katana. Leo mto umekuja kudai haki. Kahonzi akajifunika uso kwa leso. Mtoto akaponyokwa na ziwa, akalia.

Bi Hana alifungua mdomo. Mimi nikamtangulia, sijui lilitoka wapi.

"Bwana," nilimwambia, "unga wako tumeupokea. Neno lako lirudishe nyumbani."

Kisha bibi mmoja akacheka, wakacheka wote, na Kahonzi akafunua uso. Yule mzee aliweka gunia chini, akaondoka. Tulidhani amekasirika. Baada ya saa moja alirudi na mzigo wa kuni, akauweka bila kusema neno, akaenda kuleta mwingine.

Jioni, nyota zilipotoka na Sabato yake ikaisha, nilimuuliza Bi Hana yeye alikuwa ataka kusema nini. Akanieleza kwamba katika sheria yao ni haramu kumwambia aliyepatwa na msiba maneno ambayo marafiki wa Nabii Ayub walimwambia, kwamba yamempata kwa dhambi zake. Wale marafiki, asema, walifanya vyema siku saba walizokaa naye chini kimya. Waliharibu walipofungua midomo.

"Yaliyotendwa na watu, tuwaulize watu," aliniambia. "Maji hatuyaulizi. Tunaulizwa sisi: ulibeba nini, ulimpa nani."

Hapo nilikumbuka jambo, Msellem, nami nalitaka kukuandikia. Lakini Maulidi yanakaribia, nina unga wa kupepeta na watu sitini wa kulisha. Wacha liwe.

Bibi yake mtoto amempa jina Kadzo, yaani kizuri. Ni mwekundu kama pilipili, wala si kizuri bado, lakini twangoja.

Dadako,
Kaltuma


Matrah,
22 Desemba 1984

Dada Kaltuma,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti tanurini, nikiwafasiria wenzangu kwa Kiarabu changu kibovu. Ile habari ya ua wa mikwaju wameniomba niirudie mara tatu. Tajiri Mbaluchi aliuliza jina la huyo mama, akasema siku hiyo ndiyo ya kwanza kuniona meno. Wamechanga mablanketi kumi na mawili. Yanakuja na meli ya Mombasa. Moja ni la Kadzo peke yake, nimeandika jina kwa wino.

Nafurahi, dada. Nafurahi kweli. Sikujua kwamba mto huo waweza kupanda na watu wakabaki.

Lakini neno la yule mzee nalijua. Niliwahi kuambiwa mimi, nikiwa na miaka kumi na moja, mbele ya watu. Sikumbuki kama wewe ulikuwapo. Ulikuwapo?

Mdogo wako,
Msellem


Mambrui,
13 Januari 1985

Ndugu yangu Msellem,

Nakusalimu. Mastura mzima, Kadzo mzima, mablanketi bado. Leo salamu ni fupi, unisamehe.

Nilikuwapo.

Miaka ishirini na tatu sijakuandikia wala kukuambia haya, na karatasi hii ni ya nne, tatu nimezichana. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa sitini na moja, baba na mama walikwenda Malindi kutafuta dawa. Mimi ndimi niliyeachiwa Shekha, mdogo wetu, nikae naye shambani kwenye lile dungu la kulindia ndege. Mimi, si wewe. Lakini mjini palikuwa na harusi na wanawake walipiga vugo, nami nilikuwa na miaka kumi na sita na nguo mpya. Nilikuja chuoni mlikosoma Kurani, nikakuita dirishani, nikakudanganya kwamba mama akutaka shambani. Ukatoka kwa maalim bila ruhusa kwa sababu yangu.

Nilikuwa nikiimba maji yalipokuja, Msellem. Hilo ndilo nisiloweza kulisahau, kwamba nilikuwa nikiimba.

Na matangani, maalim aliposema mbele ya baba kwamba mtoto aliyetoroka chuo ndiye aliyeyaita maji, nilikuwa nyuma ya mlango na bakuli la uji mkononi. Nilikuona ukiinamisha kichwa. Neno moja tu ningesema, kwamba hukutoroka, nilikuita. Sikulisema. Kesho yake nikaona nimechelewa, na mwaka uliofuata nikaona nimechelewa zaidi, kisha ukaondoka nchi.

Ile siku ya Kahonzi, sauti iliyonitoka haikuwa ya kumjibu yule mzee. Ilikuwa imechelewa miaka ishirini na tatu.

Nilimweleza Bi Hana. Alikuja akaketi nami sakafuni jikoni, na magoti yake yale mabovu. Nilidhani ataniambia hayana neno, yamepita. Hakusema hivyo.

"Maji si yako," aliniambia. "Ulikuwa mtoto na mto ulikuwa mto. Lakini kunyamaza ni kwako. Na hilo Mungu hatakusamehe kwa niaba ya ndugu yako. Mwombe mwenyewe."

Basi nakuomba. Nisamehe, Msellem.

Akaniambia na jambo jingine, nami nakupa kama nilivyolipata. Wazee wao husema kwamba watu wakiwa katika taabu, mtu asiseme nitakwenda kwangu nile ninywe niwe salama. Kwa sababu anayejitenga na watu wakati wa taabu, faraja yao ikija hataiona. Nikamjibu kwamba wewe hukujitenga kwa raha. Akasema ajua, na ndiyo sababu mtu aende kumwita.

Nakuita. Safari hii si uongo.

Dadako,
Kaltuma


Matrah,
6 Februari 1985

Dada Kaltuma,

Shikamoo, dada yangu, shikamoo kwa moyo wote.

Sikuwa nimesahau kwamba uliniita dirishani. Ningesahau vipi? Nilijua siku ile ile kwamba mama hakunituma, kwa sababu nilikuona una wanja. Maalim aliponisema, nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Niliona lawama ile ukiipata wewe itakuua, na mimi nilikuwa mwanamume wa miaka kumi na moja. Kwa hiyo usiniombe msamaha kana kwamba uliniibia, nilikupa. Lakini kwa kuwa umeomba, nimekusamehe, na machozi yameniingia katika unga na mikate ya leo ina chumvi nyingi.

Sasa sikiliza langu, ambalo hukuniuliza, wala hakuna aliyeniuliza. Wote walitaka kujua kwa nini niliondoka chuoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini niliondoka dunguni. Shekha alitaka muwa. Alinibembeleza, wajua alivyobembeleza, akinishika masikio mawili. Nikashuka kumkatia muwa pale mwinukoni mwa shamba. Nilikuwa nao mkononi nilipogeuka. Dungu halikuwapo. Palikuwa na maji tu, yametulia, kama yaliyokuwa pale siku zote.

Nimekaa miaka yote hii nikijua kwamba maji yaliniuliza, nami nilikuwa na muwa. Barua yako ile ya mafuriko nimeisoma mara nyingi, na kila mara nafika pale Bi Hana asemapo ulibeba nini, ulimpa nani. Nilibeba muwa. Nilikuwa nampelekea mtoto aliyeutaka. Dada, hilo si kosa. Nimeliandika hapa nilione kwa macho: hilo si kosa.

Tajiri amenipa ruhusa. Amesema mkate unaweza kuokwa na mtu yeyote. Nitapanda meli ya mwisho wa mwezi.

Mdogo wako,
Msellem


Mambrui,
10 Machi 1985

Kwa Dada Kaltuma, huko Nairobi,

Shikamoo. Nakuandikia nimeketi mezani kwako, nakunywa chai kwa kikombe chako, na wewe hupo. Nimesafiri kutoka Uarabuni baada ya miaka tisa nikakuta mlango umefungwa na kuku wananitazama. Barua yangu ilifika siku moja tu kabla yangu. Mastura ndiye aliyeipokea, kwa sababu wewe ulikwisha kuondoka na Bi Hana kwenda kufanyiwa macho. Anieleza pia kwamba huko mmeikuta sikukuu yao ya kupelekeana sahani za vyakula, na kwamba umebeba visheti na mkate wa sinia vya kutosha Mayahudi wote wa Nairobi. Mwambie Bi Hana namtakia macho mapya, na mwambie Randu apumzike maadamu anaweza.

Mastura ni mrefu kuliko mimi. Hukuniandikia hilo.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa maalim. Yu hai, haoni tena, amekaa barazani kwake karibu na msikiti. Nilimwamkia nikataja jina langu. Akanyoosha mkono akautafuta uso wangu akaushika. Akasema alikuwa akiningoja. Akaniambia kwamba siku ile ya matanga baba alimuuliza kwa nini Mungu amemchukua mtoto, naye akaona haya kuwa mwalimu asiye na jibu.

"Nikatafuta jibu," alisema, "nikachukua lililokuwa karibu. Lilikuwa wewe. Nisamehe, mwanangu. Jibu sikuwa nalo. Hata leo sinalo."

Nilimsamehe, dada. Nilidhani itakuwa kazi nzito, nilijiandaa njia nzima kutoka Mombasa. Ilikuwa kama kuvua koti. Tukamsomea Shekha pamoja, mimi na yeye. Katikati ya sura alinisimamisha mara mbili kunisahihisha matamshi. Asema Uarabuni wameniharibu.

Jana nilikwenda mtoni. Niliona ni bora niende peke yangu, lakini mtu haendi peke yake mahali popote katika mji huu. Nilipofika ukingoni nilikuwa na watu wanane na mbwa. Maji yamepungua, na pale yalipopita yameacha udongo mweusi mnene, watu wamepanda kunde na maboga, kijani kimejaa hadi macho yauma. Shamba la baba pia. Jefwa asema watu wa shuleni walikuja wakalilima bila kukuambia, kwa ajili ya chakula ulichowapikia, na kwamba wewe huijui habari hiyo. Basi sasa waijua.

Nilikuwa nimesimama pale nikitazama mahali nilipodhani dungu lilikuwa, na sikuweza kupajua. Pote pamejaa maboga. Kahonzi akaja na jembe lake na kikapu cha mbegu, anavuka kwenda shamba lake la ng'ambo, na Jefwa ameshikilia mtumbwi. Kadzo alikuwa mgongoni. Kahonzi hakunijua, na aliponijua kuwa mimi ndimi wa mablanketi alicheka akaniamkia kwa Kigiriama na kwa Kiswahili. Kisha akamfungua mtoto mgongoni ili aupakie mzigo wake, akatazama huku na huku aone wa kumpa, akanipa mimi. Alisema tu, mshike, tunavuka.

Hakujua alichokuwa akinipa. Au labda alijua. Huku kwetu hakuna siri inayokaa. Nilitaka kumwambia sivuki. Ukiacha meli, tangu mwaka wa sitini na moja sijaingia maji yanayozidi kisigino, Muscat nzima wanijua kwa hilo. Lakini Kadzo alikwisha kunishika sikio.

Nikapanda. Niliketi katikati ya mtumbwi na mtoto kifuani, Kahonzi mbele yangu na mbegu zake, Jefwa nyuma na upondo. Maji yalikuwa yakipita chini yetu, ya udongo, polepole. Kahonzi akaanza wimbo wa kupandia, Jefwa akaupokea. Nami, dada, sijui maneno ya Kigiriama, lakini niliimba. Niliimba hadi Kadzo akalala.

Tukafika ng'ambo.

Nduguyo,
Msellem